Marejeo Ngamani

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii ni ya watu wa pwani, nami ni mtu wa Isaka, mahali ambapo mvua yenyewe huombewa dua ili ije, sembuse bahari. Hata hivyo, katika methali zote za Kiswahili sijui nyingine inayomfaa mhakiki kuliko hii. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, anapokaa nahodha pamoja na wageni wa heshima. Omo ni sehemu ya mbele, inayopasua mawimbi. Ngama ni tumboni, chini kabisa, yanakokusanyika maji yaliyopenya katika mbao, na ambako sharti awepo mtu wa kuyateka na kuyamwaga usiku na mchana. Kwa kawaida methali hutumiwa kumkumbusha mtu kwamba atatangatanga kote lakini mwisho atarudi kwenye asili yake. Mimi nitaitumia pia kwa maana yake ya wazi, ile ya mbao na maji. Nitauliza: katika safari za anasa zinazouzwa siku hizi ndani ya merikebu za matanga, ngama iko wapi, na nani yumo humo?

Huenda msomaji akashangaa kuona safari ya starehe inahakikiwa kama vile tunavyohakiki riwaya au mchezo wa kuigiza. Lakini safari ya namna hii ni hadithi. Ina jukwaa, nalo ni sitaha. Ina mapambo, nayo ni matanga. Ina wahusika waliovalishwa nguo maalumu. Ina mwanzo na mwisho uliopangwa, na mtazamaji amelipa kiingilio. Anayelipa hanunui usafiri, kwa sababu aghalabu hurudishwa palepale alipopandia au hupelekwa mahali ambapo ndege ingemfikisha kwa saa chache. Ananunua hadithi ya kwamba kwa muda mfupi ameishi kama walivyoishi watu wa kale, waliosukumwa na upepo. Basi hadithi inayouzwa kwa fedha inastahili kuulizwa kama ni ya kweli, kama hadithi nyingine yoyote.

Tena, nani aulize? Nadhani mtu wa Isaka anayo haki. Mji wetu huitwa bandari kavu. Shehena iliyoshushwa melini Dar es Salaam husafiri kwa reli zaidi ya kilomita 900, kisha hapa kwetu hupandishwa malori ya kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Baada ya maafa ya Rwanda ya mwaka 1994, chakula kingi cha msaada kilipita mikononi mwa wapakuaji wa hapa. Kwa hiyo tunayo bandari isiyo na maji: tuna makontena, winchi, makarani wa forodha, mama lishe na migongo inayouma, ila hatuna machweo ya jua baharini wala ndege weupe. Mtu aliyekulia katika bandari ya namna hii hadanganyiki kwa urahisi na uzuri wa matanga. Anajua kwamba bandari, kwanza kabisa, ni mahali pa kubeba.

Na mababu zetu walibeba. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, na kabla tawi lake halijafika Mwanza mwaka 1928, mizigo ya nchi hii ilitembea kwa miguu ya watu. Wanyamwezi, na Wasukuma pamoja nao, walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia ya kati. Walishuka hadi Bagamoyo wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na kutoka Bagamoyo pembe hizo zilivuka kwa majahazi hadi Unguja, na kutoka Unguja zilipakiwa merikebu kubwa zaidi za kwenda Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Kwa hiyo tanga lililotwekwa Unguja lilikuwa limeanza safari yake huku kwetu, katika vumbi. Anayetaka kuijua merikebu ya matanga hana budi kuijua njia hiyo pia.

Tuanze na merikebu kubwa za dunia, kwa sababu huko ndiko biashara hii ilikopata umbo lake. Ipo merikebu iitwayo Sea Cloud, yenye milingoti minne, iliyoundwa Kiel, Ujerumani, mwaka 1931 kwa ajili ya tajiri wa Kimarekani Marjorie Merriweather Post na mumewe. Ilijengwa kama jumba linaloelea, lenye marumaru, meko ya mapambo na mabomba ya bafuni yaliyopakwa dhahabu. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani iliichukua, ikang'oa milingoti yake, ikaipaka rangi ya kijivu na kuituma Atlantiki kupima hali ya hewa. Ndipo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Chini ya kamanda Carlton Skinner, katika miaka ya 1943 na 1944, mabaharia weupe na weusi walifanya kazi pamoja humo, wakilala na kula bila kutengwa, wakati ambapo majeshi ya Marekani bado yalikuwa na ubaguzi wa rangi. Baada ya vita milingoti ilirudishwa. Chombo kikapita mikononi mwa wenye nguvu, akiwemo Rafael Trujillo, dikteta wa Jamhuri ya Dominika, na tangu mwaka 1979 kimekuwa kikichukua abiria wa matembezi ya kifahari.

Nimeitafakari historia hii mara nyingi. Wakati chombo hicho kilipokuwa kibaya kuliko wakati wowote, bila milingoti, bila tanga hata moja, ndipo kilipokuwa na hadithi bora kuliko zake zote. Watu walioteka maji na kuzunguka zamu usiku walikuwa watu mbele ya wenzao. Abiria anayetembezwa leo aghalabu huvutiwa na marumaru. Mimi ningependa kuoneshwa vitanda walivyolala wale mabaharia, sare kwa sare, bila mpaka wa rangi.

Ya pili ni Royal Clipper, iliyoanza safari mwaka 2000. Ina milingoti mitano na matanga 42, hubeba abiria 227, na ina mabwawa ya kuogelea juu ya sitaha. Umbo lake limeigwa kutoka merikebu ya Kijerumani Preussen ya mwaka 1902, ambayo ilipotea mwaka 1910 baada ya kugongana na stima katika mlango wa bahari wa Uingereza. Je, Preussen ilibeba nini? Ilibeba chumvi ya mbolea kutoka Chile. Naam, ndugu msomaji, ule umbo ambao leo huitwa fahari ya bahari ulibuniwa kwa ajili ya magunia ya mbolea. Milingoti ilikuwa mitano kwa kuwa mzigo ulikuwa mkubwa na mwenye mali alitaka faida bila kununua makaa. Uzuri ulikuja wenyewe, kama unavyokuja katika mwendo wa mwanamke aliyejitwisha ndoo ya maji: hakujitwisha ili tumtazame, lakini mzigo umemnyoosha mgongo. Anayeiga mwendo bila ndoo ataonekana anacheza, na mchezo unaweza kuwa mzuri, ila si mwendo ule.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo. Uzuri wa tanga ulizaliwa na uzito wa mzigo pamoja na ukali wa subira. Ukiondoa mzigo na ukiondoa subira, tanga hubaki nguo iliyoanikwa.

Turudi pwani yetu, maana hatuhitaji kuazima mifano. Mwaka 1840 merikebu Sultana ya Sayyid Said, yenye milingoti mitatu, iliyoundwa Bombay, ilifika New York ikitoka Unguja, ikiwa na mjumbe Ahmad bin Naaman. Ilikuwa na tende, kahawa, mazulia, karafuu, sandarusi, ngozi, na pembe za ndovu 108. Vitabu hueleza kwa furaha jinsi watu wa New York walivyojaa gatini kumtazama mjumbe na kilemba chake, na picha yake iliyochorwa huko imehifadhiwa hadi leo. Lakini zile pembe 108 hazikutembea zenyewe. Pembe kubwa ilikuwa mzigo wa mtu mmoja kwa miezi. Sina orodha ya majina ya waliozibeba na hakuna aliyenayo. Mjumbe alipata mchoraji. Wapagazi hawakupata hata karani. Hadithi ya merikebu ya matanga tangu zamani imekuwa na tabia hii ya kuchora tezi na kusahau ngama. Biashara ya matembezi ya leo haikuibuni tabia hiyo, iliirithi.

Sultani mwingine, Sayyid Barghash, alipokwisha kuzuru Uingereza mwaka 1875 aliagiza merikebu ya fahari, ikaletwa Unguja mwaka 1878 kwa jina la Glasgow. Ilikuwa na milingoti pamoja na mashine ya mvuke, na mizinga kadhaa. Lakini haikumpendeza sana mwenyewe, ikabaki ikitia nanga bandarini miaka mingi kama pambo. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vilivyokwisha kabla ya saa kupita, Waingereza waliizamisha mbele ya kasri. Maji ya pale hayakuwa na kina kirefu, hivyo ncha za milingoti yake zilibaki zimechomoza juu ya maji hadi mwaka 1912, mabaki yalipoondolewa. Kwa miaka kumi na sita kila jahazi lililoingia Unguja na shehena ya boriti au chumvi lilipita kando ya milingoti ile. Chombo kilichoundwa kwa fahari kilikuwa kimezama, na vile vilivyoundwa kwa kazi vilikuwa vikiendelea kuja na kila kaskazi na kuondoka na kila kusi. Sitaki kulifanya tukio hilo kuwa mahubiri, kwani mizinga haichagui. Lakini picha hiyo inafaa kuwekwa ukutani na kila anayeuza fahari ya matanga.

Sasa tuje kwenye majahazi, ambayo ndiyo chombo chetu halisi, na ambayo leo katika Unguja, Lamu na Mombasa yamegeuzwa kuwa vyombo vya matembezi ya jioni, ya chakula cha usiku, na hata ya siku kadhaa visiwani. Maelezo bora ya maisha ndani ya chombo cha aina hii kilipokuwa bado kazini yaliandikwa na mgeni, Alan Villiers wa Australia, naye alikuwa baharia wa matanga tangu ujana wake. Mwishoni mwa mwaka 1938 alipanda bumu la Kikuwaiti huko Aden, chini ya nahodha Ali bin Nasir Al-Najdi. Alishuka nalo pwani ya Afrika hadi Unguja na delta ya Rufiji, walikokwenda kutafuta boriti za mikoko, na mwaka 1939 akafika nalo Kuwait. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilitoka mwaka 1940.

Sifa kubwa ya Villiers ni kwamba alikwenda ngamani. Hakuridhika kueleza jinsi tanga lilivyotuna. Alieleza deni. Baharia alikuwa na deni kwa nahodha, nahodha alikuwa na deni kwa tajiri, na safari ilipokwisha baharia aghalabu aligundua kwamba gawio lake halikutosha kumfungua. Alieleza kungoja: siku nyingi bandarini, chombo hakiendi, kwa kuwa upepo haujageuka au biashara haijapatikana. Alieleza foromali, ule mti mzito unaobeba tanga, unavyopandishwa kwa nguvu za wanaume wengi wakivuta henza kwa nyimbo. Lawama yangu kwake ni moja. Alilipenda tanga mno kiasi kwamba pengine taabu ya wengine inapendeza katika kalamu yake kuliko ilivyopendeza mabegani mwao. Yeye alikuwa na mlango wa kutokea. Wenzake hawakuwa nao. Lakini hakuuficha ukweli, na ndiyo maana kitabu kimedumu.

Anayetaka kuona upande wa gati asome Kuli, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1979, inayosimulia maisha ya Rashidi, mchukuzi wa bandari ya Unguja, hadi mgomo wa mwaka 1948. Humo bahari haina mapambo. Ni mahali pa mizigo, na anayeibeba ndiye kiini cha hadithi. Ukisoma vitabu hivi viwili kwa pamoja, kimoja cha chomboni na kingine cha gatini, huwezi tena kutazama picha ya jahazi katika kijitabu cha matangazo bila kuuliza watu wamekwenda wapi. Maana katika vijitabu hivyo jahazi huwa limepigwa picha kwa mbali, likiwa jeusi mbele ya jua jekundu, na mabaharia wake wamekuwa vivuli visivyo na nyuso.

Mimi mwenyewe nimepanda. Mpwa wangu, kijana anayejitafutia riziki katika machimbo ya dhahabu upande wa Geita, alipata fedha msimu mmoja akasema, "Mjomba, wewe na shangazi mmeishi bandarini miaka yote bila kuiona bahari." Akatupeleka Unguja, na jioni moja akatulipia nafasi katika jahazi la matembezi. Fedha za tiketi zetu, kwa hesabu ya mke wangu, zingetosha kununua gunia la mpunga wa Kahama na chenji ikabaki. Tulikaa tezi juu ya mito laini. Palikuwa na kahawa, halua, na kijana mmoja akipiga udi. Chombo kilitoka kwa mashine. Kilipofika mbele ya mji, tanga likatwekwa, wageni wakapiga picha, na mashine ikaendelea kunguruma chini kwa chini.

Baharia mmoja, mtu wa makamo, alikuwa ameketi karibu na demani. Alinipa shikamoo kwa sababu ya mvi zangu, nami nikaitikia marahaba. Nikamuuliza, "Mwanangu, upepo huu si mwema? Mbona mashine haizimwi?"

Akacheka kidogo. "Mzee wangu, upepo hauna saa. Wageni wana saa."

Jibu lile ni uhakiki kamili, na lilitoka kwa mtu aliyekuwa ndani ya mchezo. Jua linazama kwa wakati wake, chakula cha hotelini kina wakati wake, na ndege ya kesho ina wakati wake. Basi tanga haliwezi kuachiwa kazi. Zamani mwenye jahazi alikuwa na majira mawili, kaskazi ya kumleta na kusi ya kumrudisha, na kati yake alingoja. Kungoja huko ndiko kulikojenga miji ya pwani. Wageni waliokaa wakisubiri upepo walinunua, waliuza, walioa, walisali, walijifunza lugha na kuacha maneno yao katika lugha hii ninayoandikia. Kama upepo ungekuwa na saa, huenda Kiswahili chenyewe kisingekuwa kama kilivyo. Safari ya anasa inatuuzia tunda la kungoja huku ikitutoza fedha ili tusingoje.

Hata hivyo, haki ni haki, na mhakiki anayepima kwa kipimo kimoja ni mchongezi. Nilimuuliza yule baharia kama kazi hii inamfaa. Alinijibu kwamba baba yake alikuwa akileta chumvi na boriti, na alirudi nyumbani mara chache kwa mwaka. Yeye hulala nyumbani kila usiku, na watoto wake wanasoma. Alinieleza pia jinsi mafundi wanavyoendelea kupata kazi: mbao mpya za kubadilisha zilizooza, pamba ya kalafati, tanga jipya kila lichakaapo. Vijiji vya mafundi, kama Nungwi, vingali vinasikika nyundo. Lori na meli ya chuma vimelinyang'anya jahazi sehemu kubwa ya shehena, na chombo kisicho na kazi hakiundwi tena. Fundi asiyeunda chombo kwa miaka ishirini hufa na ujuzi wake, kwa kuwa ujuzi ule uko machoni na mikononi, hauko katika karatasi. Kama mtalii ndiye mzigo pekee aliyebaki, basi na abebwe! Mchumia juani hulia kivulini, na baharia naye ana haki ya kivuli.

Tena lazima tukumbuke kwamba chombo cha kazi hakikuwa salama wala hakikuwa na huruma. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kukumbushwa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na watu wengi kupita uwezo wake, na mamia walikufa. Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara. Wale hawakuwa katika matembezi. Walikuwa wakienda sokoni, shuleni, msibani, harusini. Kwa mtu wa kawaida wa nchi hii, chombo majini ni swali moja tu: tutafika? Ukiwa na swali hilo moyoni huna nafasi ya kutazama machweo. Ndiyo maana sithubutu kuwaambia wageni waache mashine na majaketi ya kuokolea ili wapate "ukweli" wa zamani. Ukweli wa zamani ulikuwa na maiti ndani yake. Anasa ya kwanza, kuliko mito na halua, ni kupanda chombo bila hofu ya kutofika, na laiti anasa hiyo ingegawanywa kwa wote kabla ya nyingine zote.

Basi nikitoa hukumu, sitasema kwamba matembezi haya ni maovu. Nitasema kwamba ni hadithi iliyoandikwa nusu, na kosa lake si anasa bali ni kuficha. Mwandishi anayeijua kazi yake haogopi kuonesha taabu iliyo nyuma ya uzuri, kwa sababu taabu hiyo ndiyo inayoupa uzuri uzito. Ningependekeza mizani mitatu ya kupimia safari yoyote ya matanga, iwe katika Royal Clipper au katika jahazi la Unguja.

Kwanza, je, upepo unafanya kazi? Walau kwa saa moja mashine izimwe, na kama chombo kitakwenda polepole, kiende polepole, na kama kitasimama, kisimame. Mgeni aambiwe: huku ndiko kungoja, na watu waliishi nako miezi. Pili, je, mgeni anajua nani anavuta? Yule baharia atajwe jina lake kwa idhini yake kama anavyotajwa mpiga udi, na anayetaka kushika henza apewe ashike, mikono yake ijue uzito wa foromali. Tatu, je, fedha zinashuka hadi ngamani? Sehemu yake imfikie fundi wa mbao na mshona tanga, na imfikie baharia kama ujira wake, isiwe bakhshishi ya kubahatisha. Chombo kitakachopita mizani hii mitatu kitakuwa kimefanya zaidi ya kustarehesha. Kitakuwa kimefundisha, na mgeni atashuka akiwa na kitu ambacho hakuwa nacho alipopanda.

Ninalisema hili kwa sababu linatuhusu hata sisi tusio na bahari. Kila kazi ngumu ikishapitwa na wakati hugeuka kuwa starehe ya mtu. Merikebu ya mbolea imekuwa ya mabwawa ya kuogelea. Jahazi la boriti limekuwa la halua. Hata reli imekwisha anza. Tangu miaka ya 1990 treni ya kifahari ya Afrika Kusini, Rovos Rail, imefanya safari za kutoka Cape Town hadi Dar es Salaam ikipita reli ya TAZARA, na wasafiri wake hula kwa uma za fedha wakitazama vituo ambavyo wajenzi wake walilala katika mahema na mbu. Mwaka 2021 ulianza ujenzi wa reli mpya ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka. Reli ya zamani, ile ya mita moja, iliyotuletea chumvi, sukari, barua na jamaa zetu, siku moja itakuwa ukumbusho. Sitashangaa mtu akija kuipaka rangi mabehewa yake na kuuza safari ya "zamani zile" hadi Tabora, na wahudumu wamevaa kofia nyekundu.

Akija, tumkaribishe, kwani fedha yake itanunua mpunga. Lakini tumwombe awaoneshe wageni wake na kile kichanja ambapo wanaume wa hapa walisimama alfajiri wakingoja behewa lifunguliwe, kila mmoja na gunia lake tayari shingoni, wamelikunja kama mto wa kubebea. Hapo ndipo ngama ya Isaka ilipo. Mwenye kutaka kuijua safari yetu, hata akitembezwa tezi na omo, mwisho wake na aletwe hapo.